Kisiwa cha Tisa: Mtoto Haondoki

Hebu niambie wewe unayesoma: ungefanya nini kama mama mkwe wako angesimama mbele ya wageni sitini, sahani ya nguruwe mkononi, saa chache kabla ndege yenu haijaruka, akatangaza kwamba ninyi nendeni salama lakini mtoto wenu anabaki?

Marivic alicheka.

Tulimwacha hapo hapo wiki iliyopita, mdomo wazi, shada la maua meupe shingoni, katikati ya banda la gari la nyumba ya mama mkwe wake pale Kalihi, mtaa wa Honolulu visiwani Hawaii. Alidhani ni utani. Watu wa Honolulu hutaniana sana kwenye sherehe za kuagana, kwa sababu wakiacha kutaniana watalia.

Hakuna mwingine aliyecheka. Mjomba Masa, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa akipiga kigitaa chake cha nyuzi nne, alizifunika nyuzi kwa kiganja. Wazee wa upande wa mume wakatazama sahani zao. Naye mama mkwe mwenyewe, Tutu Mapuana, yaani Bibi Mapuana kwa lugha ya visiwani, mwanamke wa miaka sitini na tisa, kifua kipana, mvi zimekusanywa na kitana cheusi cha mjane, akarudia polepole kama anayemsomea kipofu barua.

"Leolani ni mtoto wangu. Ninyi nendeni huko Las Vegas kwenu. Mtoto haondoki."

Kwa wewe uliyeshika gazeti leo kwa mara ya kwanza, jambo lenyewe ni jepesi. Marivic na mumewe Nainoa walikuwa wameishi miaka saba katika chumba kilichokatwa kwa mbao nyembamba ndani ya banda hilo hilo la gari. Nainoa alichomelea vyuma bandarini mchana na kulinda lango la hoteli jioni. Marivic alikunja mashuka ya hoteli siku tano, siku mbili akasafisha nyumba za watalii. Kazi nne, na bado galoni la maziwa likipanda dola moja nyumba nzima ilijua kwa jinsi chai ilivyobadilika rangi. Huku visiwani kila kitu huja kwa meli: mayai, mchele, sabuni, hata mbao za jeneza. Chumba cha kupanga chenye choo chake ni dola elfu mbili kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kwanza kujua kama mtoto wako ana kikohozi.

Kaka yake Marivic alikwisha kuhamia Las Vegas, kule jangwani bara, walikohamia watu wa Hawaii wengi mno hadi pakaitwa kisiwa cha tisa, juu ya vile vinane vya kwetu. Kwa kodi ile ile alikuwa na vyumba vitatu, na mahali pa gari palikuwa pa gari, hapalali mtu. Basi zikakatwa tiketi tatu: ya Nainoa, ya Marivic, na ya binti yao Leolani, mwenye miaka sita na jino moja la mbele.

Ndege ilikuwa saa kumi na moja jioni. Pikapu ya kuwapeleka uwanjani, saa nane kamili. Na sasa ilikuwa saa saba na robo.

"Tutu, utani umetosha," Marivic alisema.

Tutu Mapuana akachota nguruwe kidogo, akatafuna, akameza. Kisha akamwambia mkwewe kwamba kama anadhani ni utani, amuulize mumewe alichokisema hospitali siku Leolani alipozaliwa.

Marivic akageuka. Nainoa, mtu wa mikono minene na sauti nyembamba, alikuwa kwenye meza ndefu akichambua nyama ya nguruwe aliyeokwa shimoni usiku kucha. Aliziweka uma zote mbili chini. Akazipanga sambamba. Akachukua kitambaa akafuta vidole, kimoja kimoja, na kabla hajafika kidole gumba mkewe alikwisha kujua kwamba lipo jambo.

Likatoka vipande vipande. Kwamba Marivic alipokuwa amelala baada ya upasuaji, mama yake alimwomba mtoto. Kwamba huku visiwani bibi akiomba mjukuu wa kwanza amlee, ni vigumu mno kumkatalia. Kwamba yeye Nainoa, akiwa hajalala siku mbili, alitamka maneno ya kukabidhi mbele ya shangazi zake wawili: ni wako, yeye na utumbo wake wote. Na neno hilo likishatamkwa halirudi mdomoni.

"Uligawa mwanangu," Marivic alisema, "mimi nikiwa nimelala tumbo limeshonwa?"

"Tulikuwa tunakaa nyumba moja, Mari. Nilijua tutakaa nyumba moja mpaka kufa, kwa bei hizi nani anahama? Niliona ni kama kumpa mtu kiti ambacho tayari amekikalia."

Shangazi wawili walitikisa vichwa. Walikuwepo. Walisikia.

Marivic hakupiga kelele. Wanaomjua wanasema ni afadhali angepiga. Alivua lile shada la maua, akalitundika kwenye mpini wa baiskeli ya mtoto, akamsogelea mama mkwe wake mpaka harufu ya mafuta ya nazi ya nywele zake ikamfikia.

Alikuwa amekumbuka kitu. Mwaka jana, mwezi wa saba, walikuwa wamekaa wawili barazani wakitunga maua ya kuuza kwa watalii, dola kumi na tano shada moja, na Tutu Mapuana, akiwa siku hiyo katika hali nzuri isiyo kawaida yake, alimsimulia jinsi dada yake mkubwa alivyochukuliwa na bibi mzaa mama. Marivic aliuliza kwa nini bibi mzaa mama, na Tutu akamjibu kwa maringo, kama mtu anayemfundisha mgeni kushika kijiko.

"Tutu," alisema sasa, "Leolani ni mvulana?"

"Nini?"

"Nakuuliza mbele ya wageni wako. Mwanangu ni mvulana? Maana uliniambia mwenyewe kwamba mvulana huenda kwa wazazi wa baba, msichana huenda kwa wazazi wa mama. Ukasema ndiyo utaratibu tangu visiwa vilipotoka baharini. Au utaratibu nao umepanda bei?"

Mjomba Masa alikohoa ndani ya kopo lake la bia. Minong'ono ikapita meza hadi meza. Ajuza mmoja mwenye mkongojo, mkubwa kuliko wote pale, akasema bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli lake la magimbi yaliyopondwa kwamba binti wa watu anasema kweli, Mapuana, msichana ni wa upande wa mama.

Tutu Mapuana alibadilika rangi. "Huyu si mtu wa mila zetu. Babu yake aliletwa hapa kutoka Ufilipino kukata miwa."

"Si mtu wa mila zenu, lakini mwanangu anafungwa nazo. Chagua moja."

Marivic alikuwa ameshinda, na alijua ameshinda. Angeishia hapo, ndugu zangu, saa nane wangekuwa ndani ya pikapu. Lakini mtu aliyenyamazishwa miaka saba akionja ushindi, anataka na kijiko cha pili. Akamwita mama yake.

Mama yake, Consorcia, mwanamke mfupi mwenye alama za mafuta ya moto mpaka kwenye viwiko, alikuwa kwenye karai la kukaangia tangu alfajiri. Alikuja akijifuta mikono kwenye aproni. Marivic akamshika bega, akawaeleza watu wote kwamba huyu ndiye bibi mzaa mama, kwa mila mtoto ni wake, basi na atamke sasa hivi ili mambo yaishe: mtoto asafiri na wazazi wake.

Consorcia alitazama watu. Akamtazama binti yake. Alikuwa na watoto wanne. Wawili walikwisha kwenda bara na huyu alikuwa wa tatu.

"Ni wangu kweli?" aliuliza.

"Ni wako, Mama. Sema tu."

"Wote mnakubali ni wangu?"

Yule ajuza wa mkongojo akasema ndiyo, ni wako.

"Basi abaki," alisema Consorcia. "Nitamchukua mimi leo hii."

Marivic alihisi kama amekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alimwita mama yake mara mbili. Consorcia hakugeuka. Alikwisha kuanza kupanga kwa sauti kitanda cha mtoto kitakaa wapi, shule ipi ipo karibu, nani atamchukua saa nane na nusu. Na hapo Tutu Mapuana akaipata sauti yake tena, akacheka kicheko cha puani.

"Utamweka wapi, mwenzangu? Mko kumi na moja kwenye nyumba ya vyumba viwili. Utamlaza juu ya friji?"

"Juu ya friji kuna mjukuu mwingine," Consorcia alijibu bila kupepesa. "Lakini kwangu friji lina kitu. Kwako nasikia mchele unapimwa kwa kikombe cha chai."

"Na kwako feni mnawasha kwa zamu. Watoto wako wote wanatoka jasho kama samaki wa mvuke."

"Sisi tunatoka jasho lakini tuna choo kinachovuta maji. Binti yangu miaka saba anavuka ua na ndoo, umempangisha penye mafuta ya injini, na bado ulimchukulia dola mia tisa kila mwezi."

"Umeme wenyewe mia tano. Unadhani zilizobaki nilikuwa nanunua dhahabu?"

Wageni walikuwa wameacha hata kujifanya wanakula. Nainoa akajipenyeza katikati ya wazee hao wawili, mikono juu kama mwamuzi wa ndondi, na ndiye aliyeharibu kabisa. Alisema labda, labda tu, mtoto abaki miezi mitatu, kwa bibi huyu au yule, wao watangulie watafute kazi, watafute nyumba, kisha watume tiketi.

"Na tiketi yake ya leo?" Marivic aliuliza.

"Tutaomba waibadilishe."

"Basi badilisha yako. Kaa na mama yako. Mkae mtunge maua."

Mimi nawajua waume wa namna hii. Hawana ubaya, ila kila mlango wanataka uwe nusu wazi. Nainoa alirudi nyuma hatua moja. Marivic akatazama uani, kwenye baiskeli, chini ya meza, akatambua jambo ambalo hakuna aliyelitambua katika kelele zote zile. Leolani hakuwepo. Marivic hakuwa amemwona tangu saa sita na nusu, Tutu aliposema mtoto apande juu ajinyooshe kidogo kabla ya safari.

Na Tutu Mapuana alikwisha kusogea. Alikuwa ameketi kwenye kipandio cha pili cha ngazi ya mbao inayokwenda nyumbani juu, gauni lake la maua limejaza ngazi kutoka nguzo hadi nguzo. Miguuni pake kulikuwa na rundo la kandambili za wageni wote, arubaini, hamsini, kwa sababu huku mtu haingii ndani ya nyumba na viatu. Hata polisi huvua.

"Pisha," Marivic alisema.

"Kwanza kaa tuzungumze."

"Miezi miwili nimefunga maboksi mbele ya macho yako. Ulikuwa na miezi miwili ya kuzungumza."

"Nami nilikuwa nasubiri."

"Kusubiri nini?"

Tutu akajitanua zaidi kwenye kipandio. Akakaza midomo.

Marivic alimruka. Alishika nguzo, akapitisha mguu mmoja juu ya bega la mama mkwe wake, kisha wa pili, akapanda vipandio tisa na kuingia sebuleni na viatu. Raba zake za safari, zenye vumbi la uani, juu ya mkeka. Wanawake kule chini walivuta pumzi kwa pamoja. Wengine wanasema hilo ndilo tusi kubwa lililotolewa siku ile, kuliko maneno yote.

Leolani alikuwa chumbani kwa bibi yake, juu ya kitanda, ananyonya plamu iliyokaushwa kwa chumvi, mashavu mekundu. Mzima kabisa. Pembeni yake kulikuwa na begi la kijani, limejaa hadi zipu imekunja meno.

"Hili ni la nani?" Marivic aliuliza.

"Tutu kasema nisiseme."

Marivic akalitazama begi. Hapo akayaunganisha yote, au alidhani ameyaunganisha: mtoto aliyefichwa juu, begi lililofungwa, na binamu wa Tutu anayeishi Molokai, kisiwa cha jirani, nusu saa kwa kindege kidogo. Kumbe maneno yote ya utumbo na mila yalikuwa ya kupoteza muda. Watu wakigombana chini, saa nane ikipita, bibi na mjukuu wangetokea mlango wa nyuma.

Alimshika mtoto mkono wa kulia, begi mkono wa kushoto, akashuka. Tutu Mapuana aliposikia begi linagonga vipandio, aliinuka upesi kuliko mtu wa umri wake, akajaribu kulishika mkanda. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana kuogopa.

"Liache hilo, Marivic. Nakuomba."

"Ulikuwa unampeleka wapi mwanangu? Molokai?" Marivic alilivuta hadi katikati ya banda, akamwambia mama yake aangalie, akawaambia shangazi wawili waangalie, akamwambia Nainoa hasa, aone nguo za binti yake alizoiba mama yake. Kisha akafungua zipu, akalishika begi kitako juu, akalikung'uta.

Ikaanguka chupa ya dawa za shinikizo la damu, kisha nyingine, kisha nyingine. Za miezi mitatu. Zikaanguka gauni tano pana za maua, zimekunjwa vizuri na majani ya harufu katikati. Picha ya marehemu mumewe, imetolewa kwenye fremu ili isivunjike. Miwani ya kusomea. Pakiti mbili za mwani mkavu. Hakukuwa na nguo ya mtoto hata moja, hata soksi.

Mwisho kikaanguka kitu kinene cha bluu, lebo ya duka bado inaning'inia shingoni.

Consorcia aliinama akakiokota. Akakikunjua mbele ya kifua chake. Sweta la sufu.

"Kalihi nani anavaa sweta?" aliuliza, na safari hii hakuwa anamkejeli mtu.

"Kaka yake mama alisema kwenye simu jangwani kuna baridi mwezi wa kumi na mbili," alijibu Leolani, plamu ikimjaa shavuni. "Tutu kalinunua. Kasema nisiseme mpaka waulize."

Nainoa alimtazama mama yake. Wageni wote walimtazama. Kule barabarani pikapu ilipiga honi mara moja, kisha mara ya pili. Ilikuwa saa nane kasorobo na dereva alikuwa mtu wa kuwahi.

Tutu Mapuana alipiga magoti juu ya saruji, akaanza kukusanya chupa za dawa. Marivic alisimama juu yake, bado amelishika begi tupu, na hasira yake yote ilikuwa imesimama naye haijui pa kwenda. Akamuuliza, kwa sauti iliyokwisha kupungua, yote haya yalikuwa ya nini. Mtoto, hospitali, maneno mbele ya watu sitini.

"Kwa sababu mtoto ndiye kitu pekee ambacho usingekiacha," alisema Tutu Mapuana, macho kwenye dawa. "Nilijua ukifika kwake utasimama. Mnifikirie na mimi dakika moja."

"Ungeweza kusema."

"Kusema nini? Mmemuuliza kaka yako bei ya vitanda. Mmeuliza shule, mmeuliza jua, mmeuliza kama kuna duka la mchele wa kwetu. Mmekata tiketi tatu mezani kwangu, nikiwa nawamiminia kahawa. Umeme wa nyumba hii nitaulipa kwa kitu gani mkiondoka, kwa nyimbo? Nyumba nitaiuza kwa hao wanaonitupia barua za kutaka kuinunua kila Jumatatu, kisha nikalale ufukweni kwenye hema kama wenzangu niliosoma nao?"

Aliinuka, goti moja kwanza, na hakumpa mtu mkono wa kumsaidia. Akalichukua sweta mikononi mwa Consorcia, akalikunja mara nne. Hatimaye akamtazama mkwewe usoni, na hapakuwa na ulaini wowote katika macho yale.

"Wewe sikupendi, Marivic, na wewe hunipendi, tusidanganyane mbele ya watu. Umeingia nyumbani kwangu na viatu. Lakini miezi miwili nimekaa nasubiri mtu mmoja ageuke aseme, Tutu, na wewe funga begi, twende wote. Hicho tu. Nilitaka kwenda na ninyi."